Kalibu ya Gobori la Estel

Kwa miaka thelathini na mmoja Estel Conatser alilipwa mshahara kwa kazi ya kutoamini. Katika kiwanda cha mbao cha Laurel Fork, kabla gogo halijapelekwa kwenye msumeno mkubwa, lilipita kwanza mbele ya macho yake. Alilizunguka, akalipapasa, akainama kutazama ncha zote mbili, akitafuta chuma: msumari ambao bibi fulani alitundikia kamba ya nguo zamani, au waya wa uzio uliomezwa na mti ulipokuwa mchanga. Msumeno ukikuta msumari, meno yake huruka, na meno ya msumeno yakiruka hayachagui shingo. Lakini chuma hakijifichi milele ndani ya mwaloni. Maji yakishaingia, mti hulia machozi meusi, meusi ya kuelekea buluu, kama wino. Estel aliliona doa la ukubwa wa punje ya mahindi kutoka hatua kumi. Wako wanaume milimani kule ambao wana shingo zao leo kwa sababu ya macho yale, na hakuna anayelikana hilo.

Tabu ni kwamba kazi hiyo aliibeba hadi nyumbani. Alichora mstari wa mkaa kwenye rundo lake la kuni ili ajue kama limepungua. Mayai aliyahesabu yakiwa bado chini ya kuku. Mchungaji aliposema tufumbe macho tuombe, Estel alifumba moja. Mkewe, Oma, aliyekuwa ameishi naye miaka thelathini na minne, alikwisha kuchoka kugombana na ule mstari wa mkaa. Siku akiwa na furaha alichora wa pili chini yake, kisha akakaa jikoni kusikiliza mzee akihangaika huko nje.

Kitu alichokilinda kuliko vyote kilikuwa gobori la babu yake, refu kuliko Oma, lenye mtutu wa pembe nane. Mhunzi aliyelitengeneza alitoboa mtutu kwa mkono, na siku ileile akachonga kalibu yake, koleo dogo la chuma lenye tundu la duara mdomoni, la kumiminia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili zitoke gololi. Bunduki na kalibu vilikuwa kama chungu na kifuniko chake. Watu wa kule husema gobori lisilo na kalibu yake ni bubu. Gololi za dukani zipo, ila ikiwa ndogo kwa unene wa karatasi moja hulegea, na ikizidi kwa unene huohuo utauvunja mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ukiisukuma mtutuni.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule Estel alitaka kumimina gololi, akakuta kalibu haipo.

Alitafuta kwenye pipa la unga, alikokuwa ameificha kwanza. Akatafuta chini ya sakafu ya banda la kukaushia nyama, alikoihamishia. Akaangalia nyuma ya saa ya ukutani, alikoihamishia tena mwezi wa kumi na moja, baada ya kusikia nyayo barazani. Hakuna. Oma alimkuta amekaa sakafuni na mlango wa saa mkononi.

"Labda umeihamisha tena," Oma akasema.

"Ningekumbuka."

"Uliumwa nimonia wiki tatu, Estel. Ulikuwa unaniita mimi mama yako."

"Nilikuwa naumwa kifua, sikuwa naumwa kichwa."

Akakaa akapiga hesabu yake. Katika wiki tatu zile aliingia nani humu ndani? Mchungaji, lakini mchungaji hapigi shabaha. Mjane wa jirani aliyeleta mchuzi wa kuku, naye anaogopa hata fataki. Na Arvil. Arvil Choate, mdogo wake Oma, fundi wa magari pale njia panda, ambaye alikuja kila siku, theluji iwepo isiwepo, akapasua kuni, akalisha ng'ombe, akachota maji, akaondoka. Arvil anapiga shabaha. Na zaidi ya hayo, Estel alijiuliza, ni mtu gani anayepasua kuni za mwenzake wiki tatu bila kutaka kitu? Kikulacho ki nguoni mwako. Kadiri alivyokumbuka wema ule ndivyo ulivyozidi kumnukia vibaya.

Jumapili iliyofuata Arvil alikuja kula kama alivyokula kila Jumapili tangu dada yake aolewe. Kulikuwa na maharagwe, mkate wa mahindi, kitunguu kibichi na mtindi. Estel alingoja hadi shemeji yake amejaza mdomo.

"Shemeji, kalibu yangu iko wapi?"

Arvil akacheka kwanza. Alikuwa mtu wa kucheka. Kisha akamtazama dada yake, akaona yeye hacheki.

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuuliza."

"Mtu anayeuliza hashiki kisu cha siagi hivyo."

Akameza alichokuwa anatafuna, akafuta mdomo, akachukua kofia. Mlangoni alisema, "Dada, ahsante kwa chakula," na hakurudi tena. Jumapili ya kwanza Oma alimwekea sahani. Ya pili akamwekea. Mwezi wa sita bado alikuwa anaiweka, na Estel alikula akiitazama ile sahani tupu kama inayomshtaki. Ilimuuma, maana hakuwa na rafiki mwingine. Ila alijiambia kwamba mwizi akikaa mbali anakiri kwa miguu yake.

Mashindano ya ng'ombe, ya kupiga shabaha kwa magobori, yalikuwa mwezi wa kumi. Hushindaniwa ng'ombe mzima: wawili wa kwanza huchukua mapaja, wawili wanaofuata mikono, wa tano ngozi na mafuta, na wa sita huachiwa madini ya risasi yote yaliyolala kwenye gogo la nyuma ya shabaha, akayachimbue kwa patasi huku wenzake wakimtania. Estel hakuwahi kukosa mwaka. Alihitaji kalibu.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alikwenda uwanja wa kubadilishana vitu, nyuma ya mnada wa mifugo, ambako watu hubadilishana visu, mbwa, saa na uongo. Hobert Stinnett alikuwa na meza ya vyuma vya bunduki za zamani, na juu ya meza kulikuwa na kalibu tatu zilizokaribiana na kipimo alichokitaka. Estel alikuja na vyake: sufuria yake ya chuma, jiko lake dogo, mshumaa wake na madini yake.

"Madini ninayo hapa, bwana," Hobert akasema. "Kwa nini ujibebeshe?"

"Yako siyajui yalilala na nani."

Hobert akacheka, lakini Estel hakuwa anatania. Madini ya risasi yakichanganywa na bati huwa magumu, na gololi hutoka kubwa kidogo kuliko ilivyopaswa. Mtu akitaka kukuuzia kalibu ndogo atakupa madini magumu uipimie. Estel alichoma kucha kwenye kipande chake, kucha ikazama, akaridhika. Kisha akatoa mfukoni donge alilokuwa amelipitisha kwa nguvu ndani ya mtutu wa gobori lake kwa mdeki na nyundo ya mti, likachukua umbo la mtutu kama ulimi unavyochukua umbo la kinywa. Hilo ndilo shahidi wake. Gololi ilitakiwa iwe nyembamba kuliko donge lile kwa kiasi cha kitambaa chenye mafuta ya kondoo kinachoizunguka, si zaidi, si pungufu.

Kalibu ya kwanza ilikuwa ya shaba, mpya, inang'aa kama jino la bandia. Alifukiza tundu lake kwa moshi wa mshumaa, akamimina, akazitupa tano za mwanzo kwa kuwa kalibu ilikuwa bado baridi, ya sita akaiviringisha juu ya kipande cha kioo. Ikatembea ikichechemea. Nusu mbili za kalibu hazikukutana sawa.

"Hiyo ina kiuno," Estel akasema. "Sitafuti mchumba."

Ya pili ilikuwa na namba ya kipimo imegongwa ubavuni, namba ileile aliyoitaka. Hobert aliinyooshea kidole.

"Soma mwenyewe. Chuma hakisemi uongo."

"Chuma hakisemi kitu. Aliyegonga namba ndiye anayesema, na mimi simjui." Akamimina, akaipima gololi kwa kipimo chake cha chuma. Kubwa. Akaipima ya pili. Kubwa.

"Ukishindilia itajikata yenyewe," Hobert akasema.

"Na mdeki ukivunjika utaniingia mimi kiganjani. Wewe utakuwa hapa unakunywa kahawa."

Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya chuma, imechakaa kwa nje, haina namba wala jina. Estel aliifungua, na tundu lilikuwa safi mno kwa kalibu iliyozeeka hivyo. Akamimina. Gololi ya sita ilipita juu ya kioo bila kutikisika. Akaipima, akaipima tena kwa upande mwingine, akaisogeza karibu na lile donge. Ilikuwa kipimo chake hasa, kipimo ambacho yule mhunzi alikitoa kichwani na hakukiandika popote.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa mtu."

"Watu wana majina."

"Wengine wana majina, wengine wana haraka. Unaitaka au huitaki?"

Estel akatoa kisu chake cha mfukoni, cha nyembe tatu, moja imevunjika ncha. Alikitoa kama mwanzo tu wa maneno, kama kila mtu afanyavyo pale. Yangefuata manung'uniko ya nusu saa, kuondoka mara mbili na kurudi. Hobert akachukua kisu, hakukifungua hata, akakitia mfukoni.

"Tumemaliza," akasema.

Hapo ndipo nywele za shingoni zilipomsimama Estel. Tangu uwanja ule uanzishwe, hakuna aliyewahi kukubali kitu cha kwanza alichopewa.

Nyumbani aliiweka kalibu mezani chini ya taa, akaikagua kama gogo. Weusi wa nje ulikuwa umepakwa kwa siki. Alijua harufu yake. Mishikio ilikuwa imepigwa tupa upya. Na ndani ya kiungo, pale msumari unapobana nusu mbili, kulikuwa na chembe tatu za rangi nyekundu. Alizitoa kwa sindano, akaziweka juu ya kucha ya kidole gumba.

Kila mtu Laurel Fork alijua jiliwa la nani, lile la kubania vyuma mezani, lilikuwa jekundu. Arvil alizipaka zana zake zote rangi nyekundu, kuanzia spana hadi ndoo, kwa sababu wakopaji husahau kurudisha.

"Oma! Njoo uone! Nduguyo ameiba kalibu yangu, akaifunga kwenye jiliwa lake, akaipiga tupa nisiitambue, kisha akamtuma Hobert aniuzie mali yangu mwenyewe! Nimetoa kisu changu!"

Oma alizitazama zile chembe. Akamtazama mumewe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, naye hayo machache aliyasema polepole.

"Umelisema jikoni kwangu, na jikoni nitalizika. Lakini nakujua, unangoja mashindano ulisemee mbele za watu. Haya. Ukimwita mdogo wangu mwizi mbele ya watu, na ikawa siye, usirudi kukaa kwenye meza yangu mpaka ulimeze neno hilo mbele ya watu walewale. Simaanishi Jumapili tu. Namaanisha meza."

"Na akiwa ndiye?"

"Akiwa ndiye nitaiondoa ile sahani."

Yalikuwa mapatano ya haki, Estel akayakubali. Dalili ya mvua ni mawingu, na yeye mawingu alikuwa nayo matatu, mekundu, ndani ya kibweta cha ugoro.

Wiki ya mashindano mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Gogo lake la kuegemezea gobori, kipande kizito cha mwaloni alichokitumia miaka ishirini, alikuwa amelisahau nyuma ya pikapu likaloana hadi kiini. Jumamosi asubuhi jua likatoka. Watu thelathini hivi walikusanyika kwenye malisho, kila mmoja na ubao wake uliochomwa ukawa mweusi, katikati amekata alama ya msalaba kwa kisu. Umbali ni hatua sitini, mtu analala kifudifudi nyuma ya gogo lake, anapiga mara kumi. Mwamuzi alikuwa mzee Lonzo Garrett, ambaye hupima kila tundu na uzi, na ambaye hajawahi kushukiwa upendeleo hata na Estel.

Oma alikaa kwenye mkia wa pikapu na bakuli la maharagwe ya kumenya. Arvil alikuwa amesimama na wenzake karibu na moto wa kahawa. Alipomwona Estel akipita na kisanduku chake, alisita, kisha akajilazimisha kutabasamu.

"Shemeji. Kalibu mpya inaendaje?"

Estel akasimama kama aliyegongwa. Mbali na Oma, hakuwa amemwambia mtu hata mmoja kwamba ana kalibu mpya.

"Nani alikwambia ni mpya?"

Arvil akageukia moto wa kahawa.

"Si mpya," Estel akasema, na sasa sauti ilikuwa ya kusikika hadi kwa ng'ombe aliyefungwa pembeni. "Ni ya babu yangu. Wewe unajua, maana wewe ndiye uliyeichukua nikiwa kitandani sijiwezi, ukaifunga kwenye jiliwa lako jekundu. Rangi yako ninayo hapa. Nasema mbele ya watu wote: Arvil Choate ni mwizi."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini. Lonzo akavua miwani. Arvil alikuwa amebadilika rangi, na kwa muda ilionekana atarusha ngumi, jambo ambalo lingekuwa nafuu kwa wote. Hakurusha.

"Nenda kapige, Estel," akasema. "Zamu yako imefika." Hakumwita shemeji.

Estel akalala nyuma ya gogo lake. Hasira humharibu mpigaji wa kawaida, lakini yeye ilimtuliza, kwa sababu aliamini amesema kweli. Gololi ya kwanza iliingia kidole kimoja juu ya alama. Ya pili ikaingia kwenye alama. Alipiga magoti, akapima baruti, akatandaza kitambaa chenye mafuta, akaiviringisha gololi vidoleni kabla ya kuitia. Mbili alizozitilia shaka alizitupa majanini, kama ilivyo desturi yake. Kalibu ile ilikuwa haina kosa. Kufikia ya tisa, ubaoni palikuwa na tundu moja pana ambalo sarafu ingeliziba. Wenzake waliacha kunong'ona habari za wizi wakaanza kunong'ona habari za paja la ng'ombe.

Akashindilia ya kumi. Akalala, akaegemeza mtutu, akaweka shavu. Na hapo, chini ya mtutu, ubavuni mwa gogo, kwenye mwanga wa jua la saa nne, akaliona doa.

Lilikuwa jembamba, limetiririka urefu wa kidole, jeusi la kuelekea buluu. Lilianzia kwenye kizibo cha mti cha mviringo kilichokatwa sawa na uso wa gogo, ambacho yeyote mwingine angekiona kuwa fundo la kawaida. Estel hakuhitaji kufikiri. Miaka thelathini na mmoja ilifikiri kwa niaba yake: humu ndani mna chuma.

Kisha kumbukumbu ikaja, si yote, vipande tu. Keekee mkononi. Jasho na baridi pamoja. Mchana mmoja wa mwezi wa kwanza, Oma yuko zizini, yeye amejikokota hadi bandani na blanketi mabegani, anatoboa gogo, anasema peke yake kwamba huku hakuna atakayeangalia. Na kweli, hakuna aliyeangalia. Hata yeye.

Alibaki amelala na shavu kwenye bunduki. Akainua macho kidogo, akawatazama watu mmoja mmoja kuona ni nani ameliona doa. Hakuna. Wasingeweza kulisoma, hiyo ilikuwa elimu yake peke yake. Angeweza kupiga, kuchukua paja, kulipakia gogo, na jioni kulitia motoni. Arvil angebaki mwizi na hakuna ambaye angejua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Estel Conatser alitamani mtu amshuku. Aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Pale kwenye pikapu Oma alikuwa ameacha kumenya.

Estel akaliweka gobori chini, akasimama.

"Lonzo, nipe shoka."

"Ukitoka kwenye mstari, gololi ya kumi imekufa," mzee Lonzo akasema. "Unajua sheria. Itahesabiwa imekosa ubao."

"Na ife. Nipe shoka."

Akalipasua gogo lake la miaka ishirini kwa mapigo manne. Kwenye la nne lilifunguka, na ndani ya shimo, kwenye kitambaa cha mafuta kilichogeuka wino, ilikuwamo kalibu ya babu yake. Akaiokota, akaiinua waione.

"Asubuhi mlinisikia nikimwita Arvil mwizi," akasema. "Arvil hakuiba kitu. Niliificha mwenyewe humu nikiwa na homa, nikasahau, nikamtwika yeye. Nimesema uongo juu ya mtu aliyenipasulia kuni. Wote mliosikia lile, sikieni na hili."

Ndipo Hobert Stinnett, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akapayuka.

"Basi niseme na mimi! Ile nyingine aliichonga Arvil mwenyewe kwenye gereji yake. Aliniletea mwezi wa sita, akasema nisimuuzie mtu ila Estel, na chochote atakachotoa nipokee. Na kile kisu chako, bwana, ni kibovu."

Estel akamgeukia Arvil. "Ulipata wapi kipimo? Hakijaandikwa mahali."

Arvil akaingiza vidole mfuko wa shati, akatoa gololi moja ya kijivu iliyochakaa kwa kukaa mfukoni.

"Mwaka jana uliitupa majanini. Ulisema huiamini. Niliiokota nikutanie nayo siku moja." Akaigeuza kiganjani. "Haina kosa lolote. Niliipima mara nyingi."

"Arvil, ndugu yangu..."

"Miezi saba, Estel. Miezi saba sijala maharagwe ya dada yangu." Akakifungua kisanduku cha Estel, akaichukua ile kalibu aliyoichonga, akaitia mfukoni. "Hii nilimpa mtu aliyepotelewa. Wewe hukupotelewa."

Akaondoka na pikapu yake kabla hajapiga hata mara moja.

Lonzo alipomaliza kupima, gololi iliyokufa ilimshusha Estel hadi nafasi ya sita. Alichimbua madini kwa patasi peke yake, na hakuna aliyemtania, ambalo lilikuwa baya kuliko kutaniwa. Jioni Oma alimpa kiti na sahani, kama walivyopatana. Lakini sahani nyingine pia aliiweka, na Jumapili ile ilibaki tupu, na Jumapili iliyofuata vilevile. Estel alikwenda gereji mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa Arvil yuko chini ya gari. Aliziona buti zake. Alisimama karibu nazo muda mrefu, akasema samahani kwa buti, akarudi nyumbani. Rundo la kuni lilikuwa pale barazani na mstari wake wa mkaa. Alichukua kitambaa chenye maji akaufuta.

Jumapili ya tatu, mkate ukiwa bado unatoka moshi, mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Arvil aliweka kofia msumarini, akaketi mahali pake, akavuta bakuli la maharagwe. Kisha akatoa mfukoni ile kalibu, akaiweka mezani mbele ya Estel. Alikuwa ameipaka rangi nyekundu yote, mishikio, kiungo, hata ncha za mdomo.

"Ili usije ukasema ni ya babu yako," akasema. "Dada, nipe kitunguu."

Estel alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani, akalazimika kuinuka kwenda kuangalia kitu dirishani. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anaangalia nini.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "rangi hiyo itaungua nikiipasha moto. Itanuka banda zima."

"Itanuka," Arvil akasema, mdomo umejaa. "Vumilia."

Ile ya babu imetundikwa ukutani chini ya saa, mahali ambapo mtoto yeyote angeweza kuifikia. Estel humimina kwa ile nyekundu. Rangi imekwisha kwenye mdomo na imebaki kwenye mishikio, na kila ikipata moto harufu yake hujaa bandani, kali, ya kukohoza. Yeye hafungui dirisha.